Barua ya Radhi Imenimaliza

Abi, rufaa imetupwa. Imetupwa! Dakika ishirini tu, kwisha.

Si unajua yule farasi wa mbio ninayemtunza alikutwa na dawa iliyokatazwa kwenye mkojo, wakubwa wa mbio wakanifungia mimi kazi mwaka mzima? Dawa sikumpa mimi! Wakili kaeleza vizuri kabisa, mpaka nikaanza kupumua.

Halafu mama mmoja wa jopo la rufaa akatoa barua niliyowaandikia wakubwa wa mbio. Ile barua, Abi! Ile uliyoniambia nisiitume. Mimi nikamsikiliza mzee Zephania wa kanisani, eti wakubwa huombwa radhi kwanza, mengine baadaye.

Akaisoma yote, taratibu. "Naomba mnisamehe kwa yaliyotokea." Kisha akaniuliza, "Kama hukufanya kosa, uliomba msamaha wa nini?"

Wa nini! Ningemjibu nini? Kwamba kwetu ndivyo tunavyoanza?

Wakili hata hakunitazama. Sikuwa nimemwambia kuhusu hiyo barua.

Sasa niko kwenye treni narudi Crescent Town, mtaani kwangu huku ughaibuni. Kabla sijapanda, mama yangu kapiga simu kutoka Singida, nikamweleza yote. Unajua kasema nini?

"Mwanangu, waandikie tena. Safari hii waombe radhi vizuri."