Mmarekani Anakuja Kula Kwetu

Jumatano, 8 Januari 1941
Yule Mmarekani wa kutafuta wachezaji wa besiboli amefika uwanja wa kiwanda cha sukari. Nimerusha mpira raundi zote tisa, nimewatoa wapigaji kumi na mmoja. Rafiki yangu Crescencio anarusha vizuri kuliko mimi – hapa kila mtu anajua – lakini ni mweusi kama Mama, na ligi kubwa za kwao hazichukui weusi. Mmarekani hakumtazama hata mara moja. Mimi aliniambia nivue kofia, akakagua nywele zangu kama anayenunua farasi. Mkalimani wake, Bwana Lazcano, akaninong'oneza: "Mshukuru marehemu baba yako Mhispania, kijana. Umepita."

Ijumaa, 10 Januari
Sijapita. Jumapili Mmarekani anakuja kula kwetu. Ndiyo desturi yake, lazima aone familia kabla mtu hajasaini. Lazcano anasema Mama asiwepo, nimpeleke kwa dada yake. Nikamjibu kwa hasira kwamba Mama haendi popote. Hasira ya bure. Moyoni nilishampangia safari.

Jumamosi, 11 Januari
Crescencio kanicheka mpaka machozi. "Sasa Evelio, mama wa kizungu utamkodi wapi? Duka la Mchina?" Nami nikacheka. Kisha akasema taratibu, "Nenda, ndugu yangu. Angalau mmoja wetu." Bora angenitukana.
Nimemweleza Mama. Aliendelea kuchambua maharage.

Jumapili, 12 Januari
Mama hakwenda kwa dada yake. Alfajiri alijifunga kitambaa na aproni, akapika kuku, wali na maharage meusi. "Leo mimi ni mpishi wenu," akaniambia. "Usije ukakosea ukaniita Mama." Tangu hapo hajaniita mwanangu.
Mmarekani kala sahani mbili. Akauliza mama yangu yuko wapi. Nikasema amekufa. Kwa kinywa changu mwenyewe! Mama alikuwa anamimina kahawa, na haikumwagika hata tone.
Mkataba uko mezani. Nimekuja chumbani kuchukua kalamu, nikakaa kitandani, nikaanza kuandika haya. Naona haya kusimama. Sebuleni Mmarekani na Lazcano wanacheka.
Mama amekuja mlangoni. Hajaingia. "Bwana," ananiambia, kwa sauti ya kusikika mpaka mezani, "wageni wanasubiri kalamu."
Ndiyo hii niliyoishika.