Kikombe cha Bibi Sinywi

Nzuguni,
Dodoma.
12 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Bartolomayo,

Shikamoo. Huko Bukoba mvua hazijawachosha? Mkaza mjomba wangu Anitha mgongo umepoa? Sisi wazima, ila baridi ya Dodoma imeanza na vumbi lake.

Mama amenisomea ujumbe wako. Eti nimpigie Bibi Ruthu magoti, kisha ninywe naye kikombe kimoja cha divai mbele ya ukoo, la sivyo nisionekane kwenye harusi ya dada yangu Paulina. Mjomba, magoti nimeshapiga. Kikombe sinywi!

Ulikuwa mbali, basi nisikilize. Nilipoanguka na pikipiki pale Makole nikapasuliwa kichwa, Bibi alileta dumu la divai yake ya Hombolo. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, eti kurudisha damu. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, lakini mimi sikupewa uji. Baada ya miezi mitatu dumu nalitafuta mwenyewe. Vijana wa kijiweni wakagundua glasi mbili tu zinanilaza chini, wakawa wananinunulia wapate kucheka.

Kisha kikaja kifafa. Mara ya pili niliangukia jiko la mkaa, mkono ukaungua mpaka kiwiko. Daktari alisema wazi kwamba ubongo ulioumia hauhimili pombe, nikiendelea kifafa kitaniua. Sasa ni miezi tisa sijaonja. Usidhani ni rahisi, kuna siku nauma shuka.

Ndiyo maana Bibi alipoleta dumu jingine mwezi uliopita, nililimwaga uani mbele ya macho yake. Akalia. Iliniuma sana, lakini ningelimwaga tena. Unasema sina adabu. Kilichoumia ni ubongo, Mjomba, adabu ninayo.

Jumapili nilikwenda Hombolo kumwomba radhi. Nilipokunja mkono wa shati akaona kovu la moto, akaniuliza, "Kumbe ni mimi, mjukuu wangu?" Nikamshika mikono, nikamwambia hakujua. Na kweli hakujua.

Wewe sasa unajua. Harusini nitakuja, nitakaa mbele, na atakayeniletea kikombe nitamwuliza kwa sauti kubwa kama anataka kunizika. Hata akiwa ni wewe.

Msalimie mkaza mjomba na mwanao Frank. Mungu awakumbatie nyote.

Mpwa wako akupendaye, hata ukinuna,
Zablon