Anasema Jirani Anazuia Pua ya Gari Isinyanyuke

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nikiyasema haya kwa watu watacheka na mimi sina kicheko kilichobaki. Mume wangu anabeba matofali kwa pikapu yenye trela, na tangu aanze kuivuta hiyo trela gari limekuwa na tabia mbaya, mgongo unakaa chini, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na si ya kusimuliwa, nilikuwamo siku tuliyokata kona ya sokoni gari likakataa kugeuka mpaka tukapanda ukingo wa mtaro, basi tangu hapo baba watoto amepata dawa yake, na dawa yenyewe ni jirani yetu mshona mapazia, mwanamke wa mwili, ambaye sasa anakaa kiti cha mbele kila safari ati kukandamiza pua ya gari.

Nikamuuliza, "Na mimi siwezi kukaa?" Akacheka. "Wewe mke wangu ni unyoya, ukipanda gari halijui kama kuna mtu." Mshauri, siku hizi namalizia mpaka sahani za watoto, na mizani ya zahanati bado inanisimanga. Jirani naye ananipita na wanja wake, kiwiko nje ya dirisha, ananiambia, "Shoga, usininunie, mimi ni mfuko wa saruji tu, napakiwa nashushwa." Jioni trela inarudi tupu naye anarudi nayo, nikiingia kufagia vumbi nakuta kiti kimesukumwa nyuma hadi mwisho na mkanda unanukia marashi yake, roho inaniwaka, lakini nikifungua mdomo mume wangu anasema, "Unataka nife barabarani kwa ajili ya wivu wako?" Nami sijui magari, namwona anavyopanga matofali yote upande wa mbele wa trela kwa kuwa aliambiwa mzigo wa nyuma huyumbisha, naogopa nikimwondoa yule mama halafu gari likapinduka, watoto wataniuliza mimi. Nifanye nini?

Mke Mwepesi

*

Mke Mwepesi,

Kwa wivu wako sikulaumu. Ninalokulaumu ni kuacha ndoa na gari viugue pamoja bila kumwita fundi. Mimi pia si dereva, kwa hiyo nilimsomea barua yako fundi wa trela. Nilipofika kwenye habari za jirani akanikatiza: "Huyo mama wanamfunga mbele ya bampa?" Maana kiti cha abiria kiko kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na anayekaa pale haongezi cha maana puani.

Ugonjwa wa gari upo, na unaua. Mumeo aliambiwa nusu ya ukweli. Mzigo ukikaa nyuma, trela hutikisa mkia. Ukirundikwa wote mbele, hulalia ndoano inayoiunganisha na gari na kukandamiza mgongo wa pikapu. Matofali yakae juu ya ekseli ya trela, yazidi kidogo tu upande wa mbele. Springi za nyuma zikaguliwe, matairi yajazwe upepo unaotakiwa, ndoano iwe kwenye kimo ambacho trela itasimama sawa, isiinamie mbele wala nyuma. Apunguze matofali, apunguze na mwendo. Mpaka hayo yafanyike trela isitoke, jirani awemo asiwemo.

Sasa jirani. Umeandika mwenyewe kwamba jioni trela inarudi tupu naye yumo. Trela tupu hainyanyui pua ya gari la mtu. Hapo anasawazisha nini? Huenda ni lifti tu, na kumpa jirani lifti si dhambi, lakini lifti huitwa lifti. Mwili wa yule mama uache. Hana kosa la unene, nawe huna kosa la wembamba. Kula ukiwa na njaa.

Nenda na mumeo kwa fundi, usimtume. Usikie kwa masikio yako, upange naye mzigo, kisha upande wewe kiti cha mbele mkalijaribu gari taratibu. Likitulia, mwambie hapo hapo, bila kelele: "Gari limepona. Atakayepanda humu kuanzia leo, niambie anakwenda wapi."

Akikubali, umeokoa mume na gari. Akianza kutafuta ugonjwa mwingine wa gari unaotibiwa na jirani yule yule, usirudi kwa fundi. Waite waliowaozesha.