Maji ya Kitale Imefika Kanduyi

Kanduyi, mwezi wa tano, 1994

Naliaka,

Ni mimi, Simiyu. Nimerudi nyumbani. Kitale nimeacha.

Ile shamba tulikuwa tunafanya kazi imekatwa vipande. Wenyewe wapya kila mtu anataka kipande yake, na nyumba za laini, zile za wafanyakazi, zinabomolewa. Meneja alituita pale kwa stoo akasema kila mtu atafute kwao. Kwetu ni hapa, boma ya baba. Na wewe uko hapa tangu tukuzike. Nikifungua mlango ya nyuma naona pahali unalala, karibu na ndizi. Tumekuwa majirani.

Kitu nataka kukuambia ni ya kioo. Ile sanduku yako ya kioo, ya samaki na majani. Nilikuja nayo. Na kidogo tu ingekufa mikononi mwangu. Wacha niseme pole pole.

Unajua watoto hatukupata. Nguo zako dada zako waligawana, na ni sawa, ndivyo inafanywa. Sufuria ziko kwa mama. Kitu yako yenye ilibaki na pumzi ni hiyo kioo peke yake. Wewe ndiye ulipanda, wewe ndiye ulilea. Nikasema ikikufa nitabaki na picha yako ya kitambulisho, na picha haisongi.

Unakumbuka siku ulikuja nayo? Ilikuwa themanini na sita. Yule mama Mhindi wa duka ya misumari, na watu wake wenye ulikuwa unawafulia, walikuwa wanahama Kitale. Akakuachia kioo na samaki kidogo kwa mkebe. Ulibeba kwa kichwa, gunia chini, unatembea kama mtu amebeba dirisha yenye haina nyumba. Nikakuuliza, "Sasa hii ni ya nini? Unaanza kuuza mandazi?"

Ukasema, "Hii ni shamba."

"Shamba gani?"

"Shamba ya ndani ya maji. Na wewe hutagusa na jembe yako."

Nilicheka. Lakini jumapili hiyo nilikufuata mpaka kule chini kwa kijito. Ukachota mchanga, ukaosha, ukaosha, mpaka maji ikatoka bila rangi. Halafu ukaniambia niende nikutolee udongo ya fuko, ile yeye husukuma juu, kwa sababu ameshachekecha, haina mawe. Ukatandika udongo chini, mchanga juu. Ukang'oa nyasi ya kijito na mizizi yake, ile ndefu kama utepe, na ile ingine kama mkia ya paka. Ukapanda kwa kidole. Mimi nimepanda mahindi maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu anapanda hivyo, kama anawalaza.

Halafu ukaweka sahani juu ya mchanga. Nikachukua ndoo, nataka kumwaga. Ukanishika mkono.

"Usimwage. Nywesha."

Tukanywesha na kikombe, juu ya sahani, mpaka ikajaa. Mchanga haikushtuka.

Stima hatukuwa nayo, na ile mashine ya Wahindi ya kupuliza hewa haikuwa na kazi kwetu. Ulisema majani itapumulia samaki. Mimi sikuamini. Lakini kukawa na mchana moja, jua imeingia kwa ile dirisha yetu moja, nimetoka kupalilia, nimekaa tu kwa kitanda. Naona kwa majani kuna shanga. Shanga za hewa, ndogo ndogo, zinapanda juu moja moja, polepole, na zingine zinafuata. Nyumba yote ilikuwa kimya. Ukuta ikawa inatembea na rangi ya kijani. Wewe ulikuwa umesimama hapo na mikono yako ina sabuni.

Tangu hiyo siku nilikuwa nikiwa kwa mahindi ya watu, jua inapiga, nikifunga macho naingia huko ndani. Natembea chini ya yale majani. Kuna baridi. Samaki wanapita juu yangu kama ndege.

Majirani walikuwa wanakuja kuona. Mama Chebet wa nyumba ya mwisho alikuwa anasema, "Twende kwa Naliaka tuone televisheni." Analeta kiti yake. Siku moja akakuuliza mbona hutoi konokono. Ukasema, "Nitoe mfagiaji, wewe utakuja kufagia?"

Na kila wiki ulikuwa unatoa maji kidogo na kurudisha kidogo. Yote, hapana. Ulisema maji mpya ni kama mgeni, lazima akae na wenye nyumba ndio ajue tabia yao. Hata ukiwa hospitali, kifua imekubana, sauti imeisha, hukuniuliza kama nimekula.

"Umebadilisha?"

Nikasema nimebadilisha.

"Yote?"

"Hapana. Kikombe kikombe."

Ukafunga macho, ukatabasamu. Mimi naona hiyo ndio siku uliniaga.

Sasa sikia vile nilihama.

Barasa, ndugu yangu, alipata lori ya mtu wa mbao, inakuja huku Bungoma na nafasi. Akaangalia kioo akasema, "Hii tutakata, inatosha dirisha ya jikoni." Nikamwambia akiigusa tutazikana. Akawasha sigara.

Maji yako nikaitia kwa mitungi ya plastiki, ile ya mafuta ya kupika. Yote. Samaki kwa mkebe ya maziwa, na matundu kwa kifuniko. Majani nikazungusha na gazeti imelowa, juu yake jani ya ndizi. Mchanga nikaacha ndani ya kioo, nikaifunika na gunia imelowa, ndio isikauke. Watu wa laini walisimama kuangalia. Mmoja akasema, "Bana Simiyu, ati unabeba maji kutoka Kitale unapeleka Bungoma. Kwenu mvua imefungwa?" Wakacheka sana. Mama Chebet hakucheka. Alishika mtungi moja akapandisha kwa lori mwenyewe.

Pale kwa kizuizi polisi akataka kujua ni nini. Akafungua mtungi, akanusa. Akanusa tena.

"Mzee, hii pombe yako ya busaa imeoza."

"Ni maji ya samaki, afande."

Akachungulia kwa mkebe. Akakaa hapo muda. Halafu akaita mwenzake, "Njoo uone. Kuna mtu anahamisha mto."

Wakatuacha tupite. Nilikuwa nyuma, nimekalia mtungi moja, kioo katikati ya magoti. Mlima ilikuwa inatufuata. Tukiwa Kitale tulikuwa tunaiona ikikula jua jioni. Tukashuka, ikazunguka, ikaja upande ingine ya uso, na ni mlima ile ile. Nikawa kama nimelala na sijalala. Niliona uko hapo kwa mbao, umekunja miguu, unashikilia kifuniko ya mkebe.

Tukafika. Nilikuwa nimechoka, mama akaniita nikule. Nikaingia kwake. Hapo ndio mambo iliharibika.

Unamjua shemeji yako, bibi ya Barasa, Mama Wanjala. Ni mtu safi. Anafagia mpaka barabara. Alisikia mtu amepoteza bibi anarudi nyumbani, akasema huyu hawezi kuingia kwa nyumba chafu. Kwetu hiyo ni aibu ya wanawake wa boma. Alikuwa amepaka ukuta udongo mpya. Amefua shuka. Sasa akaona mitungi, maji ya kijani, inanuka. Akafungua akamwaga yote. Akasugua mitungi ndani na mchanga na majivu, akaenda kisimani akajaza maji mpya, safi, akapanga kwa mlango yangu kama askari. Nimetoka kwa mama nakuta anajipangusa mikono, amefurahi.

"Shemeji, mbona mlikuwa mnakunywa maji kama hii huko Kitale?"

Nilikaa chini. Mtungi moja tu ilibaki, ile nilikuwa nimekalia, ilikuwa bado kwa lori.

Akauliza, "Ilikuwa dawa?"

Nikasema, "Ilikuwa ya Naliaka."

Alishika mdomo. Akaanza kulia, ikabidi mimi ndiye namnyamazisha. Hakujua. Alifanya kile mwanamke mwenye roho nzuri hufanya. Maji alimwaga kwa ndizi, pale karibu na wewe, na ardhi ilikunywa yote haraka. Niliangalia hiyo pahali imelowa. Nikajiambia labda imekufikia.

Nikapanga kioo kwa dirisha ya asubuhi. Nikapanda majani. Sahani. Kikombe. Nikanywesha ile mtungi moja yako kwanza, halafu ya kisima, kidogo kidogo. Samaki nikawaingiza.

Siku zilizofuata maji ikawa nyeupe kama mtu ametia maziwa. Samaki wakapanda juu, midomo inafunguka. Wale madume, wa mikia ya rangi, walianza kuanguka. Asubuhi huyu, asubuhi yule. Majani nayo ikalegea, ikawa kama mboga ya mrenda imepikwa sana. Mama akaja na fimbo yake akasimama hapo.

"Simiyu, hii kitu inaoza. Mwaga, mwanangu. Aliyeenda ameenda."

Naliaka, mikono yangu unaijua. Ni ya jembe. Ikiona kitu mbaya inataka kung'oa. Nilitaka kumwaga yote, nioshe kioo, nianze upya. Nilishika hata ndoo. Na hapo ndio nilikusikia. Si kama sauti ya mzimu, hapana. Kama vile mtu anasikia redio ya jirani. "Kikombe kikombe." Nikaweka ndoo chini. Nikakalia mikono yangu.

Nikakaa hivyo. Mchana nikitoka kibarua nakuja nakaa. Nilitoa majani yenye imekufa na makasi, mizizi nikaacha. Kikombe natoa, kikombe narudisha. Basi. Ndani sioni kitu, ni ukungu tu, kama asubuhi ya Kitale mwezi wa saba, ile tulikuwa tunatembea kwenda kazi na siwezi kukuona lakini nasikia mguu yako kwa majani. Wakati mwingine nilikuwa nalala hapo nimekaa. Nikiamka, sijui niko boma gani. Naita jina yako niulize chai iko wapi.

Mama Wanjala alikuwa anakuja kila asubuhi, kwa mlango tu, haingii.

"Habari ya kuamka? Wamebaki wangapi?"

Mwishowe alibaki mmoja. Yule jike, wa rangi ya vumbi, yule ulisema hajui kujipamba. Alikuwa anakaa pembeni, chini, hasongi. Nikasema huyu naye anangoja zamu yake.

Halafu ukungu ikaanza kushuka. Si siku moja. Niliona kwanza mgongo ya mchanga. Halafu mizizi. Halafu kwa mzizi ya ile nyasi ya utepe, ncha. Kijani kama ya ndizi mpya. Konokono akapita juu yake kama hakuna kitu imefanyika.

Na leo, Naliaka. Leo ndio sababu naandika.

Mvua ilikuwa imenyesha, halafu jua ikatoka. Nimetoka kazini, matope mpaka magoti. Nimekaa. Majani sasa ni mengi tena, ya mkia ya paka imejaa pembe moja yote. Nikaona kama vumbi inaelea huko ndani. Halafu vumbi ikageuka, ikaniangalia. Macho. Macho tu na mkia kidogo, kama koma. Nikaona ingine. Na ingine. Watoto. Na yule mama yao wa rangi ya vumbi anapita polepole, amepungua tumbo.

Dume hakuna. Walikufa wote, niliwazika mwenyewe. Sijui alibeba hao tangu lini. Sijui kama walitoka Kitale na yeye, ndani ya tumbo, kwa lori, mlima ikitufuata.

Nikaita Mama Wanjala. Leo aliingia. Akapiga magoti, akaweka uso karibu na kioo mpaka ikapata mvuke.

"Haiya. Na baba yao ni nani?"

Nikasema sijui.

"Shemeji, nyumba yako imezaa na husemi?"

Akacheka, halafu akaweka mkono kwa kifua. Tukakaa hapo, watu wazima wawili, tunaangalia vitu ndogo kuliko punje ya wimbi. Shanga zikaanza kupanda. Ile ukuta alipaka udongo mpya ikawa inatembea na rangi ya kijani.

Nimeona jambo moja. Yule mama anafukuza watoto. Akimpata moja kwa wazi anameza, hana akili ya kujua ni wake. Wenye wako kwa majani yeye hawaoni. Kwa hivyo hii nakuahidi, na wewe unajua mimi si mtu wa kuahidi ahidi: hiyo pembe ya majani sitakata. Kibarua ya mbali sitaenda tena, hata wakinilipa vizuri, ndio niwachunge. Nitaacha majani ikue ijifunge kabisa, hata kama dirisha itakuwa giza, hata kama mama atasema nyumba imekuwa kinamasi. Wakuwe na pahali pa kujificha mpaka wawe na nguvu.

Basi pumzika, mama. Udongo ya Kanduyi isikulemee. Mimi siko mbali.

Nimesahau kusema. Mtoto moja ana doa nyeusi kwa mkia. Yeye ndiye hatulii.

Simiyu wako