Kidonge Kilichotoka Wakati wa Udhu

Dada Mwanahawa,

Tangu tukuzike hapo kisiwani Juani sijakuandikia. Nilikuwa na hasira, na wewe ndiye uliyenifundisha kutoshika kalamu nikiwa na hasira. Haijaisha. Nimechoka kuisubiri.

Mwezi wako wa mwisho nilivuka na vidonge vya maumivu, mimi mfamasia mstaafu, na hukuweza kumeza hata kimoja. Uvimbe ulikuwa umeziba koo. Nikavisaga, nikavikoroga kwenye uji, ukatapika. Mgonjwa wewe, ukanituliza mimi: "Haji, dawa yako nzuri. Njia ndiyo imefungwa." Kufa kwako nimekubali, ni amri ya Mungu. Kufa kwa maumivu huku dawa nimeishika mkononi, hilo silikubali.

Kwa hiyo nimejiunga na maabara moja ya Dar es Salaam inayotengeneza vidonge vya kubandika shavuni. Ngoja nikueleze, ulipenda kuelezwa ingawa ulijifanya kuchoka. Ngozi ya ndani ya shavu ni laini na nyembamba, na damu iko karibu nyuma yake. Kidonge kikinata pale, dawa hupenya polepole mpaka kwenye damu, haingoji kumezwa. Shida ni gundi. Mdomo una mate, una ulimi, una maneno mengi. Gundi yetu tunaitoa kwenye mwani, mwani huo huo mliokuwa mkiufunga kwenye kamba maji yakipwa.

Maabara tulivijaribu saa za asubuhi tu, vikashika. Nikavileta Juani, vitupu, bila dawa ndani, wenzako wa mwani wavijaribu. Niliwaambia wabandike asubuhi, wakae navyo mpaka jioni. Adhuhuri havikuwapo. Jirani yako Bi Somoe alinirudishia chake kiganjani: "Bwana Dawa, kimetoka nikitawadha. Ulitaka niswali au nilinde kidonge?"

Walicheka wote. Udhu una kusukutua mara tatu, na Somoe husukutua kama anaosha sufuria. Umri wote huu natawadha, na jambo hilo sikuliwaza.

Mkuu wa maabara akasema gundi imeshindwa, tufunge kazi hii, turudi kwenye dawa za maji. "Mzee, tukubali matokeo." Sikukubali. Nilimwambia dawa ya maji nayo humezwa, na mimi nimezika mtu aliyeshindwa kumeza maji. Nikamwambia gundi haina kosa. Kosa ni la saa, na saa niliipanga mimi. Akanipa jaribio moja la mwisho.

Tukakifanya kidonge kiwe chembamba, kiyeyuke chote kabla ya alasiri. Wiki iliyopita wanawake walibandika mara tu baada ya swala ya adhuhuri. Nikakaa barazani kwa Somoe, nikichungulia midomo ya watu kama mwizi. Walisuka makuti, wakasengenya, wakanisengenya na mimi nikiwa palepale. Vilishika vyote ila cha Mama Tatu, ambaye ulimi wake hautulii, unamjua. Walipokwenda kutawadha kwa alasiri, wengine hawakuwa na cha kutema.

Mkuu amekubali tuendelee. Dawa yenyewe bado hatujaitia, na kazi iliyobaki ni ndefu kuliko umri wangu, pengine. Ndugu zetu wananiambia inatosha, nipumzike, nikuombee dua. Dua nakuombea kila swala. Kupumzika sitaki.

Kuna mzee kijijini Bweni ambaye koo lake limeanza kuziba kama lako. Huenda nisimuwahi, na sitamdanganya. Lakini kuna mmoja nitakayemuwahi, hata kama jina lake silijui. Nitambandikia kwa kidole changu mwenyewe.

Dada, siku ile ya mwisho nilikwambia uvumilie. Neno hilo sitamwambia mgonjwa mwingine maadamu niko hai.

Mola akupanulie kaburi lako.

Mdogo wako,
Haji