Somo la Jana

Nyamuswa, Jumapili

Dada Rebeka,

Mama hajambo, pamba imeota vizuri.

Uliuliza kama nitaikubali ile kazi ya kuwanoa walimu wenzangu. Nilitaka kukataa, naogopa kukosoa watu walionizidi umri. Kisha Mwalimu Ghati, anayeiacha kazi hiyo, akaja darasani kwangu. Nikafanya tunavyofanyaga wageni wakija: nikarudia somo la jana. Mikono yote juu, isipokuwa wa Samia, ambaye jana yake hakuja. Nikamwelekeza taratibu mpaka akaelewa.

Mwalimu Ghati hakunigombeza. Alisema tu, "Leo umefundisha mtoto mmoja, na umemfundisha vizuri sana."

Dada, yule mama anaona!

Kesho nakwenda Bunda kusaini kwamba nimeikubali kazi. Ila nimemwomba arudi Alhamisi, anikute nafundisha kugawanya, somo linalonishindaga.

Mdogo wako,
Hana