Ua Nililovaa Siku ya Mechi

Kwa dada yangu mpenzi Rhonda,

Pokea salamu kutoka huku kwetu Texas kwenye vumbi la pamba. Goti lako linaendeleaje, na shemeji bado anakoroma? Sisi tu wazima, ila roho yangu haina raha, na wa kumwambia ni wewe tu.

Ni huo wimbo wa Tessa, yule tuliyesoma naye akaja kuwa mwimbaji. Ulipokuwa kwenye redio za muziki wa kantri tu nilivumilia, nikibadilisha stesheni. Sasa hata vijana wa mijini wanaucheza disko, na binti yangu Callie anauimba akiosha vyombo: msichana ameketi barazani asubuhi ya mechi kuu ya shule, akimngoja mpenzi wake amletee ua la kubandika kifuani, kumbe limeshavaliwa na mwingine. Huyo mwingine ni mimi, dada! Mji mzima unajua. Juzi muuza mbolea aliniuliza huku akicheka kama ua langu halijanyauka. Nikamwambia maua ya kitambaa hayanyauki, mjinga wewe.

Mume wangu naye akiusikia huzima trekta mpaka uishe. Nilipomuuliza, Dwight akasema ni wimbo tu, mke wangu, hata ng'ombe wanaupenda. Wivu ulinikaba, Rhonda, wala si wa pesa. Tessa alilizwa na Dwight mara moja tu, akapata wimbo. Mimi nimemfulia miaka yote hii na hata mluzi hajanipigia.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Jumapili nilitoa ua langu kabatini, lile lenye riboni za kufika magotini, nimwonyeshe Callie jina langu, VERNA, kwa herufi za kung'aa, ajue nilipewa kwa haki. Gundi ilikuwa imechoka. V ikaanguka, kisha E, na chini yake kulikuwa na herufi nyingine. Nikazibandua zote. TESSA. Mama mkwe alilitengeneza kwa mikono yake, na hadi anazikwa hakunidokeza neno.

Callie alisoma, akanitazama, na tangu hapo hauimbi tena wimbo huo.

Nimezibandika tena herufi zangu, Dwight asijue. Lakini jana nikiwa peke yangu garini wimbo ulianza, na sikubadilisha stesheni. Niliuimba wote, dada, nikalia palepale anapolia Tessa.

Msalimie shemeji, na goti ulikande kwa barafu.

Mdogo wako akupendaye,
Verna